Jukwaa la Njia Panda: Kikundi Kidogo cha Maigizo na Jamii Yake

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona tamthilia ikipimwa kama kitabu. Mhakiki huifungua, huwatazama wahusika mmoja mmoja, hutafuta dhamira, huonyesha ufundi wa lugha, kisha hutoa hukumu yake. Sina ugomvi na kazi hiyo. Mimi mwenyewe nimeifanya na nitaifanya tena. Lakini iko michezo ambayo haikuzaliwa kitabuni, na walioizaa hawakuwa mtu mmoja mwenye kalamu, bali watu kumi au kumi na watano waliokutana jioni baada ya kazi zao, wakajaribu jambo, wakalikataa, wakajaribu jingine. Michezo ya namna hii tumeipita kando. Tukiitaja huitaja kwa sentensi moja, tena kwa sauti ya huruma, kana kwamba ni mtoto wa jirani aliyekuja kucheza uani.

Nataka kuuliza hapa tuipime kwa kipimo gani, na nimechagua kuuliza swali hilo kutoka Himo, si kutoka Dar es Salaam, kwa sababu Himo ni mahali ambapo majibu yetu ya vitabuni hayatoshi.

Himo iko mashariki ya Moshi, chini ya mlima. Karibu nayo ni Njia Panda, pale ambapo barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Same huikuta ile ya Moshi. Na kutoka Himo mtu huweza kupanda Marangu na Mwika mpaka Rombo, au akashika njia ya Holili na mpaka wa Kenya. Siku ya soko wanawake hushuka kutoka Kilema, Marangu na Mwika na ndizi zao, wafanya biashara huleta mahindi na vitunguu, Wapare hutoka upande wa Mwanga, na wa Taveta huvuka. Watu wa mlimani wana kihamba juu na shamba chini. Basi Himo, kwa Mchaga wa Vunjo, ni mahali pa kushukia, si mahali pa asili. Hakuna mtu atakayekuambia kwamba mababu zake wamezikwa sokoni. Hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa kuwa kila mtu ajuaye sanaa za maonyesho anajua kwamba hadhira iliyokusanyika mahali pasipo pa mtu mmoja huangalia kwa jicho jingine kuliko hadhira iliyokaa uani kwa mwenye nyumba.

Kabla ya kufika huko, nipite upesi katika historia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisema wazi kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Haukupita muda mrefu likapatikana kundi la ngoma la taifa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zikavuma ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza, na hakuna shule ya Kilimanjaro ambayo haikuwapanga watoto wake mistari miwili mbele ya mgeni, huyu akiuliza na yule akijibu. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Makundi ya biashara, kama Muungano, yalizunguka nchini yakiwa na ngoma, taarabu, sarakasi na vichekesho katika onyesho moja la usiku. Wasomi wameyadharau makundi hayo. Kwa upande wangu nayapa heshima moja ambayo siwezi kuwanyima: yalijilisha yenyewe kwa kiingilio cha mlangoni, na kundi linalojilisha hulazimika kumsikiliza mtazamaji hata pale lisipopenda.

Kundi ninalotaka kulikalia kidogo ni Paukwa. Lilianzishwa Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya 1980, na ndani yake walikuwamo watu wa chuo kikuu wenye majina makubwa katika sanaa zetu, miongoni mwao Penina Muhando na Amandina Lihamba. Jina lenyewe ni hoja. Anayesimulia hadithi husema paukwa, na wasikilizaji wasipoitika pakawa, hadithi haianzi. Kundi lililojiita hivyo lilikuwa limekiri tangu mlangoni kwamba nusu ya kazi iko mikononi mwa waliokaa. Mchezo wao *Ayubu* ulichukua jina la yule mtu wa Biblia aliyeteswa bila kosa, na ulipochapwa mwaka 1984 haukuchapwa kwa jina la mtunzi bali kwa jina la kundi.

Hapo ndipo mhakiki wa kitabu hupata taabu. Akiusoma *Ayubu* kama anavyosoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, atalalamika. Katika *Kinjeketile* kila neno limepimwa. Mtu mmoja amelibeba wazo moja tangu mwanzo mpaka mwisho, na hata likisomwa kimya chumbani linatetemesha. Mchezo wa kundi hauna mshikamano huo. Maneno yake mara nyingine ni mepesi, na wimbo umewekwa mahali ambapo msomaji hasikii wimbo bali huona mistari tu. Wako waliohukumu kwamba huo ni udhaifu wa utunzi. Mimi nasema ni udhaifu wa uchapaji. Kilichochapwa ni ganda. Yai lilikuwa katika mazoezi, katika mwili wa mwigizaji, katika jibu la mtazamaji wa usiku ule. Tukitaka kulihukumu yai hatuna budi kwenda lilipotagwa.

Lakini nisiwatetee kupita kiasi. Paukwa walikuwa watu wa mjini, wengi wao wakiishi kwa mshahara wa ualimu, wakazungumza habari za mnyonge wa kijijini wakiwa mbali naye. Walilijua jambo hilo wenyewe, na huo ndio uungwana wao. Ukisoma *Nguzo Mama*, tamthilia ya Penina Muhando ya mwaka 1982, utamwona Bi Msimulizi akitusimulia jinsi wanawake wa kijiji cha Patata wanavyojaribu kuisimamisha nguzo yao na kushindwa, kila mmoja akiondoka na udhuru wake. Mtunzi anayeandika hivyo hajidanganyi kwamba mchezo wake utaisimamisha nguzo.

Katika miaka hiyo hiyo, 1982 na 1983, walimu hao walikwenda Malya, katika mkoa wa Mwanza. Habari hii inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida. Muhando, ambaye wengi sasa wanamjua kwa jina la Penina Mlama, pamoja na Lihamba na Eberhard Chambulikazi, hawakwenda na mchezo mkononi. Walikwenda kuuliza. Kwanza walikaa na watu na kutafuta ni mambo gani yanayowasumbua. Kisha wakayachambua pamoja nao. Kisha wanakijiji wenyewe wakatunga maonyesho. Na mwisho maonyesho yakafuatwa na mazungumzo ya hadharani. Jambo lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Na chombo walichokichagua vijana hakikuwa mchezo wa jukwaani wenye pazia, bali wigashe, ngoma ya Kisukuma inayochezwa kwa kukaa.

Tazama tofauti. Mgeni anayeleta mchezo huleta jibu na kutafuta swali lake. Pale Malya swali lilikuwako, na sanaa ya kulisemea ilikuwako pia. Kilichokosekana ni mahali ambapo mzee, mwalimu, mzazi na msichana wangeweza kusikia neno hilo hilo kwa wakati mmoja bila mmoja wao kumfunga mwenziwe kinywa. Ngoma ilikuwa ruhusa. Maneno ambayo kijana angepigwa kwa kuyasema baraza la kijiji yaliweza kuimbwa, kwa kuwa anayeimba hasemi peke yake. Mlama aliyaandika haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo, na ni bahati mbaya kwamba kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, hata wenye kuhitaji maarifa yake zaidi, yaani viongozi wa vikundi vidogo vya wilayani, wasiweze kukitumia kwa urahisi. Taasisi za Kiswahili zingekuwa zimefanya kazi njema kwa kukitoa katika lugha yetu.

Nina swali moja juu ya njia ya Malya. Mchezo uliotungwa na kila mtu huweza kukosa mtu wa kuulaumu. Katika sanaa lawama si jambo baya. Bila lawama hakuna kurekebisha. Kundi dogo linaloishi pamoja mwaka baada ya mwaka hupata lugha yake ya kulaumiana: fulani amechelewa kuingia, wimbo ule umerefuka, mzaha huu umemwumiza mjane aliyekaa mbele. Mradi wa majuma machache, hata uwe mwema namna gani, haufiki huko. Ndiyo sababu nasema kwamba kukua kwa kundi ni jambo la sanaa na si la utawala tu. Watu waliokaa pamoja miaka mitano hutunga tofauti na watu waliokusanywa kwa semina.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya mpaka ule ule wa Holili, ingawa ni safari ndefu kuufikia: Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa mahali hapo, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walitayarisha mchezo wa Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*. Walijenga wenyewe uwanja wa maonyesho usio na paa, wa watu wapatao 2,000. Mazoezi yalifanywa waziwazi, na wapita njia wakasimama kurekebisha: mzee hawezi kusema hivyo, msichana hawezi kukaa vile mbele ya baba yake, kazi ya kiwandani haifanywi namna hiyo. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikaondolewa. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawa kizuizini, akakaa huko mwaka mzima. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa.

Watu wengi wametoa katika habari hii fundisho moja, yaani kwamba jukwaa la umma halina budi kutumia lugha ya mama. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, alilishikilia fundisho hilo kwa maisha yake yote, na nani atathubutu kumwambia hakulilipia? Lakini tulilete Himo tuone. Lugha ya mama ya nani? Mtu wa Vunjo husema Kivunjo, wa Rombo Kirombo, na wa Machame akisema kwa haraka hao wawili watamsikia nusu. Mpare ana Chasu yake. Mtaveta ana yake. Mchezo wa Kivunjo tupu ukichezwa sokoni Himo utakuwa umewapa kisogo robo tatu ya waliosimama, na waliobaki utawaambia kwamba soko ni lao, jambo ambalo si kweli na ambalo lingeweza kuleta maneno. Hapa Kiswahili si lugha ya serikali iliyoshushwa kutoka juu. Ndiyo lugha pekee ambayo hakuna mtu sokoni aliyeirithi kuliko mwenziwe. Na hata Kamĩrĩĩthũ, walipotayarisha *Maitũ Njugĩra* mwaka 1982, waliingiza nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Walikuwa wameanza kuiona njia panda.

Hata hivyo wapenzi wa Kiswahili tusishangilie mapema. Kiswahili gani? Kiswahili kinacholetwa jukwaani na waliofunzwa pwani kina sauti ya tangazo la redio. Wa Himo hukielewa, lakini hakiwagusi. Na kile Kiswahili chao halisi, chenye lafudhi ya mlimani, tumekizoea katika vichekesho vya mjini kama kitu cha kuchekesha: Mchaga akitokea katika kichekesho huwa ni muuza duka anayehesabu fedha na kukosea matamshi. Kizazi kizima cha waigizaji kimefunzwa kwamba mtu akitaka kulia jukwaani alie kwa Kiswahili sanifu, na akitaka kuchekwa achekwe kwa lafudhi ya kwao. Kikundi kidogo cha Himo kitakachomwacha mama wa Kilema aombolezee mwanawe kwa lafudhi ile ile anayouzia ndizi, bila mtu kucheka, kitakuwa kimefanya jambo ambalo tamthilia zetu nyingi zilizochapwa hazijalifanya.

Nitoe mfano wa ishara, kwa maana maneno siyo yote. Mlimani liko jani la isale, au masale kama wengi wasemavyo. Hupandwa mpakani mwa kihamba, na mtu aliyekosa akitaka msamaha huchukua jani hilo akamwendea aliyemkosea. Na aliyeletewa masale hawezi kumfukuza mwenye kuyaleta kama anavyofukuza mtu mwingine. Mwigizaji akiingia katika duara la watu Himo ameshika jani hilo, bila neno, kila mtu wa mlimani amekwisha kujua yuko katika kisa cha namna gani. Mpare anayekaa karibu naye atauliza, na jirani yake atamweleza kwa kunong'ona. Kunong'ona huko ni sehemu ya mchezo. Jani hilo hilo likionyeshwa katika ukumbi wa Dar es Salaam ni jani. Mhakiki atakayesoma maelezo ya jukwaa, "Anaingia na jani", ataendelea na mstari unaofuata.

Na yapo mambo yanayongoja jani hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika ardhi, lakini mjane aliyeambiwa na shemeji zake arudi kwao hakai na sheria, anakaa na shemeji. Kihamba ni kaburi la wakwe na ni chakula cha watoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ugomvi wake ni mkali na ndiyo maana hausemwi. Ebrahim Hussein aliligusa jambo la jamaa hii katika *Kwenye Ukingo wa Thim* ya mwaka 1988, akitumia kesi iliyovuma Kenya juu ya mjane na maiti ya mumewe, iliyogombewa na ukoo. Ni mchezo mzito, na naupenda. Lakini mjane wa Hussein ni mwanamke wa mjini aliyesoma, na maneno yake ya kujitetea ni ya mtu mwenye wakili. Mjane wa Mwika anayeshuka Himo kuuza ndizi za kihamba ambacho huenda kesho si chake hajapata bado mchezo wake. Mimi siwezi kuuandika. Wala sidhani kwamba mtu mmoja aliye peke yake anaweza.

Sasa fedha, kwa kuwa hapa ndipo vikundi vingi hufa. Tangu miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa umeenea, mashirika yaligundua kwamba mchezo wa kuigiza hukusanya watu upesi. Kazi ya kuwaelimisha watu ilikuwa ya lazima, na Moshi ilikuwa na watu waliojitoa kwa moyo. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1990, ni heshima kwa mkoa mzima. Lakini katika nchi yote vikundi vya maigizo vilijifunza tabia mpya: kungoja ujumbe uletwe, pamoja na posho yake. Mwezi huu malaria, mwezi ujao vyoo, baadaye uchaguzi. Mchezo ukawa bahasha. Nimetazama maonyesho ya namna hii ambayo mwisho wake niliujua kabla mwigizaji wa kwanza hajafungua mdomo: mlevi atajuta, mama mwenye busara atashinda, na daktari mwenye koti jeupe atasema sentensi iliyoandikwa ofisini. Watu walicheka kwa mlevi, wakapiga makofi, wakarudi kwenye vitunguu vyao. Hakuna aliyesema paukwa, na hakuna aliyeitika.

Sisemi kikundi kikatae msaada. Mlimani watu wanajua jambo jingine linalofanana na hili, nalo ni mfongo, mfereji wa kumwagilia unaotoka mtoni juu mpaka mashambani. Aliyeuchimba zamani husifiwa, lakini maji hayapiti kwa sifa. Wanaoutumia hukutana, huusafisha, humtoza faini asiyekuja kazini, na hugawana zamu. Serikali ikileta saruji ni vizuri, zamu hazifutiki. Kikundi cha maigizo chenye zamu zake, chenye mchango wake mdogo, chenye siku yake ya mazoezi isiyobadilishwa na mgeni, kinaweza kupokea fedha za shirika mwaka huu na kuzikosa mwaka ujao kikabaki kikundi. Kisicho na hayo ni orodha ya majina ya kutia sahihi ya posho.

Kwa wanachuo wa Kiswahili ninayo haja moja. Tumerekodi mashairi ya Lamu na Mombasa, tumekusanya methali na vitendawili, tumefanya kamusi. Haya yote yalihitaji mtu kwenda na kukaa. Vikundi vidogo vya wilayani havijapata mtu wa kwenda na kukaa. Hatuhitaji picha ya onyesho la siku ya mgeni rasmi. Tunahitaji sauti za mazoezi, pale mstari unapobadilishwa mara tatu na sababu ya kuubadilisha ikasemwa. Msomi wa lugha ataona humo jinsi sentensi ya Kiswahili inavyotengenezwa na watu ambao si wa pwani, na wanaolijua vizuri wanalotaka kusema. Mhakiki ataona utunzi ukitendeka. Na kikundi kitapata kitu ambacho vikundi vyetu havina, kumbukumbu yake chenyewe, ili mwigizaji mmoja anapohamia Arusha au anapooa Mwanga asiondoke na mchezo mzima kichwani.

Ikifika siku ya kuchapa, jambo la jina litarudi. Paukwa walilimaliza kwa kuandika jina la kundi, na anayeitafuta *Ayubu* rafuni kwa jina la mtunzi hataipata mpaka aambiwe. Kikundi cha Himo kitakuwa na taabu zaidi, maana wapita njia waliosimama sokoni na kusema "mzee hawezi kusema hivyo" nao watakuwa wametunga, na hakuna atakayekuwa ameandika majina yao.